Kujitolea katika Safari za Utafiti wa Ziwa Tanganyika: Kutoka Njia ya Misafara ya Tabora hadi Mialo ya Kigoma

Ziwa Tanganyika halina chumvi wala kupwa na kujaa kwa bahari, lakini mtafiti wa viumbe wa majini hulikabili kama bahari. Lina urefu wa takribani kilomita 670, kina kinachofikia mita 1,470 hivi na umri unaokadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12. Ndilo ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi, na limehifadhi takribani asilimia 17 ya maji baridi yaliyo juu ya uso wa ardhi. Tanzania, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia zinalimiliki kwa pamoja, na zaidi ya watu milioni 10 wanaishi katika bonde lake.

Kwa sababu ya utajiri huo, ziwa hili limekuwa likivutia safari za utafiti kwa zaidi ya miaka 160. Wengi walioshiriki katika safari hizo hawakuwa wanasayansi kwa taaluma. Walikuwa wapagazi, mabaharia, wanafunzi, wavuvi na watu waliojitolea. Makala haya yanaeleza historia ya safari hizo kuanzia njia kuu ya misafara iliyopita Tabora, umuhimu wa takwimu zinazokusanywa sasa, kazi anayopewa mtu wa kujitolea, pamoja na taratibu za kisheria na za usalama anazopaswa kuzizingatia kabla ya kupanda chombo.

Tabora, lango la watafiti wa kwanza

Katika karne ya 19, njia kuu ya misafara ilianzia Bagamoyo na maeneo jirani ya pwani, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo. Hapo njia ziligawanyika: moja kwenda Ujiji kandokando ya Ziwa Tanganyika, nyingine kuelekea Karagwe na Buganda, na nyingine kusini magharibi kuelekea Katanga. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu, vitambaa na shanga. Ilipitisha pia watumwa. Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha njia hiyo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ikijumuisha maeneo ya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji.

Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika Kaze, kama Tabora ilivyoitwa wakati huo, Novemba 1857, na wakafika Ujiji Februari 1858. Speke alivuka ziwa kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge, upande wa magharibi, akitafuta jahazi la kukodi kwa ajili ya uchunguzi. Jahazi hakulipata. Hata hivyo, magamba ya konokono aliyoyakusanya ziwani yalifika London, na mwaka 1859 yakaelezwa na mtaalamu wa viumbe wa jamii hiyo. Hizo ndizo sampuli za kwanza za ziwa hili kuingia katika maandishi ya sayansi.

Waliofuata walipita njia hiyohiyo. David Livingstone na Henry Morton Stanley walikutana Ujiji Novemba 1871, kisha wakasafiri kwa mtumbwi hadi ncha ya kaskazini na kuthibitisha kuwa Mto Ruzizi unaingia ziwani na hautoki. Nyumba waliyokaa Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, sasa ni makumbusho. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alichunguza nusu ya kusini ya ziwa na kubaini kuwa Mto Lukuga ndio mlango wa maji kutoka. Mwaka 1876 Stanley alilizunguka ziwa lote kwa siku 51 akitumia mashua iliyobebwa vipandevipande mabegani mwa wapagazi kutoka pwani.

Mabega hayo ndiyo yaliyoifanya sayansi hiyo iwezekane. Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa mfanyakazi wa ujira aliyejua thamani ya kazi yake: alibeba mzigo wa takribani kilo 30, alilipwa kwa vitambaa au fedha, alipewa posho ya chakula, na aligoma au kuondoka pale makubaliano yalipovunjwa. Viongozi wa misafara kama Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Burton na Speke, kisha Stanley na Cameron, walikuwa wakalimani, wapatanishi na wasimamizi wa vifaa. Bombay alitunukiwa nishani ya fedha na Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London. Wengi wa wenzake hawakutajwa hata majina katika ripoti.

Historia hiyo ina onyo pia. Mwaka 1879 Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, iliyoanzishwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji mwaka 1876, ilijenga kituo Karema, katika Mkoa wa Katavi wa sasa. Vituo vya jumuiya hiyo vilitangazwa kuwa vya sayansi na vya kuwapokea wasafiri. Leopold aliitumia jina la sayansi kuandaa njia ya kuitwaa Kongo. Ndiyo maana leo Tanzania inahitaji kujua ni nani anafanya utafiti katika ardhi na maji yake, kwa lengo gani, na matokeo yake yanakwenda wapi.

Konyeza katika maji baridi

Swali lililoifanya dunia ilitazame Ziwa Tanganyika lilianzia kwa mtafiti aliyekuwa na makazi kusini mwa Tabora. Mjerumani Richard Böhm aliishi na wenzake Kakoma na Igonda mwanzoni mwa miaka ya 1880, wakichunguza ndege na wanyama wa nyika ya miombo. Mwaka 1883 alipofika ziwani aliona konyeza, kiumbe laini kama utando wa maji ambaye wakazi wa pwani humjua kama kiumbe wa bahari. Böhm alifariki dunia Katanga mwaka uliofuata, lakini habari hiyo ilikuwa imeshafika Ulaya.

Konyeza alifikaje katika maji baridi, mbali sana na Bahari ya Hindi? Na kwa nini konokono wa ziwa hili wana magamba mazito yanayofanana na ya baharini? Mwingereza J. E. S. Moore, aliyeongoza safari mbili za utafiti katika miaka ya 1890, alidai kuwa ziwa ni mabaki ya bahari ya kale, na mwaka 1903 akachapisha kitabu kuhusu suala hilo. Safari ya tatu, ya mwaka 1904 na 1905 chini ya W. A. Cunnington, ilikusanya ushahidi ulioelekeza kwingine: viumbe hao walibadilika humohumo ziwani, kwa kuwa ziwa lilikaa peke yake kwa muda mrefu mno. Maelezo hayo ndiyo yanayokubalika hadi sasa.

Kwa hiyo ziwa hili ni mfano wa kisiwa kilichogeuzwa: badala ya nchi kavu iliyozungukwa na maji, ni maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, ndugu wa perege na sato, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wengi wao huishi kwenye miamba na hawavuki sehemu za mchanga wala kina kirefu, hivyo samaki wa mwamba mmoja wanaweza kutofautiana kwa rangi na wale wa mwamba wa jirani. Hali hiyo huonekana pia katika visiwa vidogo vya karibu na Kipili, wilayani Nkasi mkoani Rukwa, vikiwemo Ulwile, Mvuna na Nkondwe. Spishi inayotoweka katika eneo moja haina mahali pa kurejeshwa kutoka.

Uzoefu wa kujitolea: Mafia, Chumbe na Gombe

Utaratibu wa watu wa kujitolea kushiriki katika utafiti wa majini haukuanzia ziwani. Katika Bahari ya Hindi, mpango wa Frontier-Tanzania, uliotekelezwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia mwaka 1989, uliwatumia watu wa kujitolea kupima hali ya matumbawe, nyasi bahari na samaki katika Kisiwa cha Mafia, na baadaye Songo Songo na Mtwara. Takwimu hizo zilikuwa sehemu ya msingi wa kitaalamu wa kuanzishwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia mwaka 1995, hifadhi ya kwanza ya aina hiyo nchini. Mwaka 2000 ilifuata Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma.

Katika Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, ambako matumbawe yalitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, wataalamu wa kujitolea walisaidia katika upimaji na ujenzi wa miaka ya mwanzo. Jambo lililodumu zaidi, hata hivyo, ni mafunzo waliyopewa wavuvi wa vijiji jirani, ambao walikuwa walinzi wa kisiwa na waongozaji wa wageni. Wataalamu wa kigeni waliondoka, na ujuzi ukabaki kwa wenyeji.

Somo hilohilo lilijitokeza kwa uchungu kandokando ya Ziwa Tanganyika. Gombe, mkoani Kigoma, ambako utafiti wa sokwe ulianzishwa na Jane Goodall Julai 1960, ilikuwa ikiwapokea wanafunzi kutoka vyuo vya nje. Mei 1975, waasi waliotoka ng'ambo ya ziwa waliwateka wanafunzi na wasaidizi wanne wa utafiti. Mateka hao waliachiwa baadaye, lakini wageni hawakuweza tena kuishi na kufanya kazi hifadhini kama awali. Utafiti haukusimama. Wasaidizi wa Kitanzania, waliokuwa wameshajifunza kumtambua kila sokwe kwa sura na tabia, waliendelea kujaza kumbukumbu za kila siku. Iwapo kazi hiyo ingekuwa mikononi mwa wageni pekee, mfululizo wa kumbukumbu hizo, ambao ni miongoni mwa mirefu zaidi duniani kwa wanyamapori, ungekatika mwaka huo.

Kwa upande wa ziwa lenyewe, mradi wa utafiti wa uvuvi uliosimamiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) kwa ufadhili wa Finland ulianza mwaka 1992 na ulizihusisha nchi zote nne. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, Mradi wa Nyanza uliwakutanisha wanafunzi wa Kiafrika na wa Marekani katika kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) mjini Kigoma, kila mmoja akifanya utafiti wake mdogo chini ya msimamizi. Hadi sasa Kigoma ndiyo kitovu cha utafiti wa ziwa kwa upande wa Tanzania.

Kwa nini takwimu zinahitajika sasa

Makadirio ya miaka ya 1990 yalionesha kuwa mavuno ya samaki katika ziwa zima yalikaribia tani 200,000 kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa dagaa na migebuka. Dagaa wa Kigoma huliwa Tabora, Dodoma na Dar es Salaam, na huuzwa pia nchi jirani. Kwa kaya nyingi za magharibi mwa nchi, ndicho kitoweo cha bei wanayoimudu.

Chakula hicho kinategemea tabaka jembamba la maji. Oksijeni hupatikana katika mita 100 hadi 200 za juu tu. Chini ya hapo, maji ya zaidi ya kilomita moja ya kina hayana oksijeni na samaki hawawezi kuishi. Virutubisho vilivyozama huko hurudi juu kwa msaada wa pepo za kusini mashariki zinazovuma kati ya Mei na Septemba. Maji ya juu yanapozidi kupata joto huwa mepesi na hayachanganyiki kwa urahisi na ya chini, hivyo virutubisho hubaki kilindini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kuwa uzalishaji wa mimea midogo ya ziwani ulikuwa umeshuka kwa takribani asilimia 20, kiwango kinachoweza kumaanisha upungufu wa asilimia 30 hivi ya mavuno ya samaki. Utafiti mwingine wa mwaka 2016, uliotumia tope la chini ya ziwa, ulionesha kuwa samaki walianza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara.

Ongezeko la joto limekutana na ongezeko la wavuvi na zana. Mwaka 2003 nchi nne zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa ziwa, uliozaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao makuu Bujumbura. Katika utekelezaji wa makubaliano ya kikanda, Tanzania ilipumzisha shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ili kuwapa samaki nafasi ya kuzaliana.

Miezi mitatu bila kwenda ziwani ni gharama kubwa kwa mvuvi, kwa mama anayeanika dagaa kwenye vichanja na kwa mchuuzi anayepeleka magunia kituo cha reli. Wananchi hao wana haki ya kujua kama gharama hiyo imeleta faida, na jibu hutokana na vipimo vinavyofanywa kabla na baada ya kipindi cha mapumziko, mwalo kwa mwalo, kwa njia isiyobadilika. Hapo ndipo kazi ya mtu wa kujitolea inapopata uzito.

Kazi za mtu wa kujitolea

Anayejiunga na safari ya utafiti kwa matarajio ya kuogelea kati ya samaki wa rangi atakuta kazi ya aina nyingine. Sehemu kubwa ya siku hutumika kupima, kuandika na kusafisha vifaa. Kazi za kawaida ni hizi zifuatazo:

Kwanza, upimaji wa mavuno mwaloni. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza la mwezi, na mitumbwi hurudi alfajiri. Mkusanyaji wa takwimu hupima uzito wa mavuno, huandika aina ya chombo, idadi ya taa na saa zilizotumika, kisha hupima urefu wa samaki mmoja mmoja kutoka katika sampuli.

Pili, upimaji wa maji. Vipima joto na oksijeni hushushwa kwa kamba hadi kina kilichopangwa. Uangavu hupimwa kwa sahani ya rangi nyeusi na nyeupe inayoshushwa hadi isipoonekana tena.

Tatu, ukusanyaji wa planktoni, yaani viumbe wadogo wanaoelea ambao ni chakula cha dagaa, kwa kutumia wavu wa matundu madogo sana, na kuwahesabu kwa hadubini.

Nne, kuhesabu samaki na konokono wa miambani kwa kuogelea juu ya mstari wa kamba uliopimwa. Kazi hii hupewa waliofunzwa kutambua aina kwa jina na waliothibitisha uwezo wao wa kuogelea.

Makosa mawili hujirudia kwa wanaoanza. La kwanza ni kuchagua samaki wakubwa kwa kuwa ni rahisi kuwapima. Sampuli lazima ichotwe bila kuchagua, vinginevyo karatasi itaonesha samaki waliokomaa ilhali nyavu zimejaa wachanga. La pili ni kuacha kuandika mitumbwi iliyorudi mitupu. Tuchukue mfano wa mitumbwi 10 iliyotoka usiku mmoja: sita ikarudi na kilo 50 kila mmoja na minne ikarudi bila kitu. Anayeandika sita pekee atapata wastani wa kilo 50. Wastani wa kweli ni kilo 30. Tofauti hiyo ikijirudia mialo mingi kwa miezi mingi, ziwa linalopungukiwa samaki litaonekana lina afya, na uamuzi utakaofuata utakuwa na makosa. Uaminifu katika kuandika sifuri ni sehemu ya utafiti kama ilivyo hadubini.

Safari isiyohitaji chombo

Wakazi wa Tabora wanaweza kudhani kuwa utafiti wa ziwa lililo zaidi ya kilomita 300 kutoka kwao hauwahusu. Jiografia inasema vingine. Mto Igombe na Mto Ugalla, inayokusanya maji ya sehemu kubwa ya mkoa huo, huungana na Mto Malagarasi, mto mkubwa kuliko yote inayoingia Ziwa Tanganyika kutoka Tanzania. Maji hupita kwanza katika ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, lenye ukubwa wa takribani kilomita za mraba 32,500.

Ardhioevu hiyo huchuja udongo kabla haujafika ziwani. Misitu ya miombo inapokatwa kwa ajili ya mashamba, mkaa au kuni za kukaushia tumbaku, na kingo za mito zinapokanyagwa na mifugo mingi kupita kiasi, kazi ya kuchuja huwa kubwa zaidi. Tafiti zilizofanyika kaskazini mwa ziwa zilionesha kuwa penye udongo mwingi unaoshuka kutoka milimani, idadi ya aina za viumbe wa miambani hupungua, kwa kuwa tope hufunika mimea wanayokula na mianya wanayotagia.

Kwa sababu hiyo, kijana wa Tabora anayepima kina na rangi ya maji ya Igombe kila wiki, au kikundi cha wafugaji nyuki kinachoandika hali ya msitu wake wa hifadhi, kinafanya kazi inayolihusu ziwa moja kwa moja. Kumbukumbu za namna hiyo huwa na thamani pale zinapofanywa kwa utaratibu uliokubaliwa na ofisi ya bonde la maji au taasisi ya utafiti, na kuwasilishwa huko.

Vibali na taratibu

Utafiti wowote nchini hufanywa kwa mujibu wa sheria. Mambo ya msingi ni haya:

Kibali cha utafiti. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986, ndiyo inayotoa vibali kwa watafiti wa kigeni. Mtafiti mgeni hufanya kazi na mshirika wa ndani. Kwa utafiti wa Zanzibar, kibali hutolewa kwa utaratibu wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar.

Maeneo ya hifadhi. Hifadhi za Taifa za Gombe na Milima ya Mahale zinajumuisha pia sehemu ya maji ya ziwa. Utafiti ndani yake huhusisha Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI) na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Katika bahari, hifadhi za bahari na maeneo tengefu husimamiwa na kitengo kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 29 ya mwaka 1994.

Uhamiaji. Viza ya utalii haimpi mgeni ruhusa ya kufanya utafiti wala kazi ya kujitolea. Kibali cha ukaazi kinachowahusu watu wa kujitolea, watafiti na wanafunzi ni cha Daraja C.

Sampuli. Samaki, konokono, maji au tishu za viumbe haviondolewi nchini bila kibali na makubaliano ya maandishi kati ya taasisi husika. Mtu wa kujitolea asikubali kubeba sampuli katika mizigo yake binafsi kwa niaba ya mtu mwingine.

Serikali za mitaa. Timu inapofika kijijini hujitambulisha kwa Ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Afisa Uvuvi, Serikali ya Kijiji na kikundi cha usimamizi shirikishi wa rasilimali za uvuvi (BMU) cha mwalo husika.

Kwa Watanzania wanaotaka msingi wa taaluma kabla ya kujitolea, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi (FETA) una kampasi Mbegani, Bagamoyo, na Kibirizi, Kigoma. Yaani katika ncha zote mbili za njia ya zamani ya misafara.

Afya na usalama

Ziwa Tanganyika lina dhoruba za ghafla, na upepo wa alasiri huinua mawimbi yanayoweza kupindua mtumbwi. Jaketi okozi huvaliwa muda wote na kila aliyemo chomboni, awe mgeni au mwenyeji, na ratiba ya kurudi huachwa kwa mtu aliye nchi kavu.

Kichocho kipo katika maeneo ya ufukwe yenye konokono na majani, hivyo anayeingia majini mara kwa mara hupaswa kupimwa katika kituo cha afya baada ya safari. Malaria ipo mwaka mzima, na katika baadhi ya maeneo kuna mamba. Ni muhimu kuwauliza wenyeji mahali salama kabla ya kuingia majini.

Wazamiaji wazingatie kuwa uso wa ziwa uko takribani mita 773 juu ya usawa wa bahari. Majedwali ya kuzamia yaliyotengenezwa kwa ajili ya bahari hayatumiki bila marekebisho ya mwinuko, hata kwa mzamiaji mwenye uzoefu mkubwa wa Mafia au Pemba.

Mambo ya kuhakikisha kabla ya kukubali

Kujitolea hakumaanishi kukosa makubaliano. Wapagazi wa Unyanyembe walijua mzigo, posho na mwisho wa safari kabla ya kunyanyuka, na anayejitolea leo anastahili kujua si chini ya hapo. Aombe kuona namba ya kibali cha utafiti na jina la taasisi mwenyeji, na asilipe fedha yoyote kwa mtu binafsi kabla ya kuthibitisha kibali hicho kwa mamlaka iliyokitoa. Apate kwa maandishi kazi zake, muda, chakula, malazi, bima na anayewajibika iwapo ataugua au kuumia. Aulize pia iwapo wasaidizi wa kijiji wanaofanya kazi kando yake wanalipwa, kwa kuwa kujitolea kwa mwenye uwezo kusiwe sababu ya kumnyima mwenyeji ujira.

Swali la mwisho ni la takwimu zenyewe: zitahifadhiwa wapi, nani ataruhusiwa kuzitumia, na lini matokeo yatarudishwa mwaloni kwa lugha ambayo wavuvi wataielewa? Safari yenye jibu la swali hilo humwachia Mtanzania ushahidi wa kuamulia mambo yake. Isiyo na jibu huwaachia wenyeji mizigo pekee, kama ilivyokuwa zama za misafara, huku majibu yakisomwa kwingine.

Wananchi na vikundi vinavyotaka kushiriki wanashauriwa kuanzia kwa Afisa Uvuvi wa halmashauri yao au kituo cha TAFIRI kilicho karibu, ambako wataelezwa miradi yenye kibali na nafasi zilizopo.